Kura Moja Kutoka Kaskazini

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hajawahi kuendesha gari kutoka kwetu Saint-Omer hadi Augusta, mji mkuu wa jimbo letu la Maine, mwezi wa Desemba. Mimi ni mwongo wa kujulikana, sikatai. Hata padri akinikuta dukani huniuliza, "Alcide, hiyo ni kweli au ni ya kwako?" Lakini njia niliyopita siku ile ilikuwa ndefu, niliipita peke yangu, na kiti cha pembeni nilikipakia gunia la viazi ili kisionekane kitupu.

Nilikuwa nakwenda kumchagua rais wa Marekani.

Msicheke, ndivyo ilivyo. Novemba watu hupanga foleni, hutia alama kwenye karatasi, hurudi nyumbani kubishana mbele ya televisheni, na kila mmoja hulala akiamini amemchagua rais. Hajamchagua. Amechagua watu wa kwenda kumchagua. Wajumbe hao ni mia tano thelathini na wanane nchi nzima, kila jimbo na fungu lake, na siku moja ya Desemba kila fungu hukutana katika mji mkuu wa jimbo lake, likaandika jina kwenye karatasi. Hiyo ndiyo kura yenyewe. Siku hiyo, kwa mujibu wa sheria, ni Jumanne ya kwanza baada ya Jumatano ya pili. Nadhani aliyeiandika alikuwa akimwelekeza mgeni njia huku amelewa. Haya yote nimeyasoma mwenyewe katika maktaba yetu ndogo, majira ya baridi mawili mfululizo, kwa sababu maktaba ina jiko la kuni, na nyumba yangu tangu Bernadette aondoke ni baridi hata moto ukiwaka.

Bernadette alikuwa mke wangu. Yeye mtu wa Punda, mimi mtu wa Tembo. Hao ndio wanyama wa vyama vyetu viwili, na kwetu mtoto huwajua kabla hajajua sala ya chakula. Tulichumbiana hivyo, tukaoana hivyo, tukazeeka hivyo. Kila mwaka wa uchaguzi nilichimba mashimo mawili uani, moja kila upande wa njia ya kuingilia mlangoni. Kulia tukasimamisha bango lake, kushoto langu. Kaka yake Fernand alikuwa akija kila Alhamisi kucheza kribeji, ile karata ya baridi ambayo alama zake huhesabiwa kwa kuchomeka vijiti kwenye ubao wa matundu. Akifika husimama katikati ya mabango mawili, anatikisa kichwa.

"Kwenye nyumba hii mtu hajui apige hodi upande gani."

Hayo kwa Fernand yalikuwa hotuba. Ni mtu ambaye ukimpa neno hulitia mfukoni. Miaka na miaka alikaa mezani kwetu, anakula ploye za Bernadette, zile chapati zetu zinazoiva upande mmoja tu, anasikiliza uongo wangu mwanzo hadi mwisho bila kucheka, kisha anasema, "Zamu yako." Anakaa ng'ambo ya shamba la viazi. Taa ya jikoni kwake naiona kutoka jikoni kwangu.

Bernadette alifariki mwezi wa Machi. Vuli ya mwaka ule kulikuwa na uchaguzi wa gavana. Nikachimba shimo la kushoto, nikasimamisha bango langu. La kulia lilinishinda. Bango lake lilikuwa ghalani. Niliishika nguzo yake, mkono ukakataa kuinua. Jina lake lilikuwa limekwisha futwa kwenye daftari la wapiga kura. Ningemsimamishia nani?

Alhamisi Fernand akaja. Akasimama njiani pale pale pake. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Kumbe ulikuwa ukimngoja afe," akasema, "uani pawe pako peke yako."

Mimi, mtu ambaye sijawahi kukosa la kusema hata msibani, nilikosa. Akageuka akarudi kwake kupitia shambani, kwenye matope, kama mtu asiyetaka hata barabara imwone. Ubao wa kribeji ukabaki mezani, vijiti palepale vilipokuwa tangu Alhamisi iliyotangulia, yeye akiwa mbele. Miaka miwili ikapita hivyo. Dukani ananipita. Kanisani anakaa benchi la nyuma ili atoke kabla yangu. Jioni taa yake inawaka, yangu inawaka, na katikati ni viazi, au theluji iliyolala juu ya viazi.

Sasa sikilizeni jinsi jimbo letu lilivyo, maana hapa ndipo hila yangu ilipoota. Karibu majimbo yote, anayeongoza hata kwa kichwa kimoja huzoa wajumbe wote. Sisi watu wa Maine, pamoja na Nebraska kule kwenye mahindi, tuna ukaidi wetu. Tuna wajumbe wanne. Wawili huenda kwa aliyeshinda jimbo zima. Mmoja huenda kwa aliyeshinda wilaya ya kusini, kwenye bahari na kambakoche na watu wenye mashua za kuchezea. Mmoja huenda kwa aliyeshinda wilaya ya kaskazini, yaani sisi wa misitu na viazi. Basi wanaweza kugawanyika, watatu huku na mmoja kule, wakakaa meza moja kumchagua rais kila upande na wake.

Majina ya wajumbe kila chama huyateua mapema. Theluji ilipoanza kuyeyuka mwaka wa uchaguzi wa rais, nilikwenda kununua mafuta kwa Gervais, na Gervais akiwa na habari hawezi kuzishika, hujaza tangi huku zikimwagika.

"Shemeji yako kapata cheo," akaniambia. "Punda wamemweka kwenye wajumbe wao wa jimbo zima."

"Fernand? Atahutubia kwa ishara?"

"Hakuna hotuba huko. Unaapa, unaandika, unatia saini, unarudi."

Nililipa, nikakaa garini bila kuwasha. Punda wakishinda jimbo, Fernand atakwenda Augusta. Tembo wakishinda kaskazini, mjumbe wa Tembo wa kaskazini naye atakwenda Augusta. Ukumbi mmoja, meza moja, hati zilezile za kutia saini. Huko hakuna benchi la nyuma. Huko mtu hupeana mkono na mwenzake mbele ya bendera, na akishapeana mkono lazima aseme kitu, hata kama ni "umezeeka." Neno moja lingenitosha. Nilikuwa na njaa ya neno moja la Fernand kuliko chakula.

Nikaenda kwenye mkutano wa chama chetu kule Bangor. Mwenyekiti akauliza nani anataka nafasi ya kaskazini, watu wakatazama viatu vyao. Ni safari ya siku nzima kwa kazi ya dakika chache. Nikasimama, nikawasimulia jinsi nilivyowahi kumsukuma dubu aliyelala ndani ya rundo la theluji mpaka mlangoni kwa ofisi ya kodi, na jinsi karani alivyompa namba akae kwenye foleni. Wakacheka, wakanipa.

Kampeni ile nilifanya kazi kama punda na nikala kama tembo. Mchana nazunguka nyumba kwa nyumba kaskazini kuwapigia debe Tembo. Jioni napiga magoti kumwomba Mungu Punda wazoe kura za kusini. Padri akanikuta na mishumaa miwili.

"Alcide, mwanangu, kwani unataka nani ashinde?"

"Wote, baba. Lakini kwa mpangilio."

Na ikawa kwa mpangilio. Watatu huku, mmoja kule. Yule mmoja ni mimi. Nani aliapishwa Januari sitamtaja, hadithi hii si yake.

Jumatatu, siku moja kabla, niliona gari la Fernand likitoka kwenda kusini kabla jua halijachomoza vizuri. Alikuwa amesikia utabiri wa dhoruba. Gervais naye akanipigia simu.

"Ondoka leo, Alcide. Kesho inashuka yote."

"Miaka arobaini nimeendesha gari la mji la kusukuma theluji, leo nikalale hotelini kwa kuiogopa? Huyo atakuwa mwokaji anayekimbia unga."

"Unga haukai barabarani ukakuua."

Lakini mtu wa kwetu ni heri akose harusi yake kuliko theluji isikie kwamba aliiogopa. Mbaya zaidi, binti wa ofisi ya chama alikuwa amenipigia pia, sauti tamu kama ya mtu anayeuza bima. Akaniambia mkutano ni saa nane mchana. Akaniambia sheria yetu inasema mjumbe asipofika, waliopo ndio hujaza nafasi yake, na kwamba wameshamweka kijana wa ofisini tayari, na tai nyekundu.

"Kwa hiyo hata ukikwama, mzee, usijali. Kura ya kaskazini haitapotea."

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo sheria inavyosema kwa lugha ya mawakili. Nilimshukuru, nikakata simu, nikatazama dirishani. Kweli, kura isingepotea. Ningepotea mimi. Kijana wa tai angeketi karibu na Fernand, angepewa mkono, na mimi ningebaki mwaka mwingine na taa ng'ambo ya viazi.

Nikaondoka alfajiri, katika koti la suti la mazishi, maana ndilo pekee.

Theluji ilikuwa ikianguka kwa adabu mpaka nilipoingia barabara kuu. Hapo ikaacha adabu. Mbele ya mji wa Houlton askari akanisimamisha: lori limelala chali, barabara imefungwa, rudi ulikotoka. Askari mdogo, masikio mekundu.

"Nakwenda kumchagua rais," nikamwambia.

"Uchaguzi ulikwisha mwezi uliopita, mzee."

"Ule ulikuwa wenu. Huu ni wangu."

Alinitazama kama wanavyotazamwa wazee waliotoka nje bila kuaga. Nikageuza, nikaingia njia ya msituni ambayo wakataji magogo huitumia. Njia hiyo naijua kama kaakaa langu. Ilikuwa haijapitiwa na mtu, nyeupe, kimya, miti ikiwa imeinama pande zote kama waombolezaji. Niliongea na gunia la viazi. Nililiambia tunakwenda vizuri.

Kwenye mteremko akatokea musi.

Kwa asiyemjua, musi ni kulungu wetu wa kaskazini, mrefu kuliko farasi, miguu kama ya meza iliyotengenezwa na fundi aliyegombana na mwenye meza. Huyu alikuwa jike. Nikapunguza mwendo, nikasimama, nikangoja apite kama mtu mwenye heshima zake. Hakupita. Akaja mpaka kwenye gari, akatoa ulimi, akaanza kulamba mlango.

Majira ya baridi musi hufuata chumvi. Tunaimwaga barabarani ili barafu iyeyuke, inarukia magari, na wao wanaipenda kama watoto wanavyopenda sukari. Chumvi hiyohiyo niliimwaga mwenyewe maisha yangu yote. Alilamba mlango wa kulia, akalamba kioo, akalala na bega lake lote juu ya boneti akilamba taa. Nikapiga honi. Akapiga chafya. Kushuka sikuthubutu, teke moja la musi na jimbo lingetafuta mjumbe kweli.

Saa ikasogea. Simu ilikuwa na mstari mmoja wa mtandao, unakuja na kwenda. Nikapiga namba ya karani wa ukumbi.

"Ni Daigle. Musi analamba gari langu. Nitachelewa."

Mtandao ukakatika.

Yaliyotokea Augusta baada ya hapo nilisimuliwa na Hodan Warsame, mama mwenye duka la vitambaa kule Lewiston, mjumbe wa pili wa Punda wa jimbo zima, mtu asiyependa kuongeza chumvi. Anasema karani alirudia maneno yangu ukumbini neno kwa neno, na ukumbi mzima ukacheka, kuanzia wabunge hadi mpiga picha. Uongo wangu ulikuwa umenitangulia kusini. Kijana wa tai nyekundu akavuta kiti mbele. Mwenyekiti wa mkutano, Wakili Priscilla Danforth, mjumbe wa wilaya ya kusini, akatazama saa ya ukutani, na saa ilikuwa nane.

"Bwana Daigle amelala nyumbani kwake," akasema, "ametutungia mnyama. Tujaze nafasi."

Hapo Fernand akafungua mdomo.

"Ni kweli."

"Nini kweli?"

"Musi."

"Bwana Ouellette, tafadhali. Mtu huyo anasifika nchi nzima kwa…"

"Alcide akidanganya," Fernand akasema, "hukupa jina la mnyama, uzito wake, na alichomwambia. Leo kasema maneno saba. Ni kweli. Tunangoja."

Hodan anasema wakili alimweleza kwa upole kwamba sheria inasema saa nane. Fernand akajibu kwamba sheria inasema tukutane saa nane, na tumekutana. Haisemi mtu akiwa na la kuzungumza akatazwe kabla nafasi haijajazwa. Yeye ni mjumbe, na ana la kuzungumza. Akasimama. Hodan akamuuliza pembeni, "Mzee, unajua unachotaka kusema?" Akajibu, "Hapana. Lakini nimesikiliza sana."

Mimi wakati huo nilikuwa nimebaki na silaha moja. Nikafungua kioo cha upande wa pili kidogo, nikatoa kiazi kutoka kwenye gunia, nikakirusha kwenye theluji. Musi akageuza kichwa. Nikarusha kingine mbali zaidi. Nilirusha viazi kimoja kimoja mpaka alipoiacha boneti, na gunia likaisha, na nilipoondoa gari niliona kwa kioo cha nyuma ameinama anakula abiria wangu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu njia nzima iliyobaki. Sikuwa na wa kumwambia tunakwenda vizuri.

Nilifika jumba la bunge la jimbo jioni inaanza kuingia, na kwetu Desemba jioni huja mapema. Nilipanda ngazi kwa mikono na miguu. Korido ilikuwa tupu, viatu vyangu vikipiga kelele za maji. Nilijua nimechelewa. Nilijua kijana wa tai amekwisha andika jina. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi ya kurudi bila Fernand kuniona, ndipo nikasikia sauti nyuma ya mlango mkubwa.

Ilikuwa sauti ya Fernand. Inazungumza, inaendelea, haikomi.

"…kwa hiyo mto ulikuwa umeganda," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme, "na yeye akaisukuma theluji yote ya mji kupita juu ya mto, mpaka Kanada. Asubuhi watu wa forodha wa Kanada wakaja. Wakasema, bidhaa hii haikutangazwa. Wakamtoza ushuru."

Ilikuwa hadithi yangu. Niliisimulia mezani kwetu zaidi ya ninavyokumbuka, na kila mara alisema "Zamu yako." Nikasukuma mlango kidogo. Wajumbe wawili wamekaa, wageni wamejaa pembeni, mpiga picha amekaa sakafuni, kijana wa tai ameweka kidevu mkononi. Fernand amesimama, jasho linamtoka kama mtu anayebeba kabati.

"Dada yangu ndiye aliyekwenda kuongea nao. Akawapelekea supu ya kuku. Wakaila, wakakubali kuirudisha theluji." Akameza mate. "Wakairudisha kwa… kwa lori."

Sikuweza kuvumilia. Mtu huweza kuvumilia kupuuzwa, lakini si kuharibiwa hadithi.

"Kwa feri!" nikapaza sauti.

Ukumbi mzima ukageuka. Fernand hakugeuka upesi. Alitazama meza kwanza. Kisha akanitazama, mimi na koti langu la mazishi na theluji mabegani.

"Mto uliganda," akasema. "Feri ingepitaje?"

"Kwa shida," nikasema.

Wakacheka wote, hata wakili. Fernand hakucheka. Akaketi kama gunia lililoshushwa, akafuta uso kwa kitambaa, akavuta kiti cha pembeni yake kwa mguu.

"Zamu yako," akasema.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kama Gervais alivyosema. Tuliinua mikono tukaapa. Tuligawiwa karatasi. Nikaandika jina nililotumwa na watu wa kaskazini kuliandika, wao watatu wakaandika la kwao, kisanduku kikapita, wakili akasoma kwa sauti. Kura tatu za mtu wao. Familia zao pembeni wakapiga makofi, wajukuu wakanyanyua simu. Kisha akasoma kura moja ya mtu wangu. Ukumbi ukanyamaza kwa adabu. Nyuma yangu palikuwa na viti vitatu vya wageni wangu, hakuna aliyeketi. Katika kimya kile Fernand akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama afanyavyo kwenye kribeji anapokubali alama za mwenzake.

Halafu zikaja hati za kutia saini, nakala nyingi, maana moja huenda bungeni Washington kuhesabiwa Januari na nyingine huenda kwa wengine wa serikali, wenye kabati. Tulikaa bega kwa bega tukitia saini. Hakuinua kichwa.

"Bango lake liko wapi?"

"Ghalani."

Akatia saini. Akanisogezea.

"Hukulitupa?"

"Nililishika. Mkono ukakataa."

Kalamu yake ikasimama kidogo, ikaendelea.

"Ungesema hivyo siku ile."

"Nilikosa la kusema."

"Wewe?"

"Mimi."

Akanisogezea nakala nyingine. Nilitia saini chini ya jina lake. Wino wake ulikuwa bado haujakauka, nikauchafua kidogo kwa mkono wa koti.

"Bernadette alikuwa akiniambia," akasema polepole, kana kwamba maneno yote ya mwaka aliyamaliza ukumbini na haya alikuwa akiyakopa, "mume wangu ni mwongo, kaka, lakini mimi hajawahi kunidanganya."

Nilikuwa natafuta mstari wa saini, na mistari yote ilikuwa imelowa.

Nje Hodan alitupa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akatuambia wazee wa umri wetu hawapaswi kuendesha katika hali ile. Nikamwambia hali gani, mbona naona jua. "Mzee, wewe kweli mgonjwa," akasema, akacheka, akaenda zake na binti zake wawili wakimshika mikono kila upande. Fernand aliweka kikombe juu ya boneti yangu, akaona alama za ulimi wa musi, mikwaruzo mirefu kwenye rangi. Akaigusa.

"Ulimpa jina?"

"La. Hakukuwa na wa kumwambia."

Akaingia garini kwake.

Barabara kuu ilikuwa imefunguliwa, lakini theluji haijasukumwa vizuri. Vijana wa siku hizi wanasukuma kama wanaogopa kuamsha lami. Nikatangulia. Fernand akaweka magurudumu yake ndani ya nyayo za yangu, akanifuata. Njia yote, saa baada ya saa, nilikuwa na taa zake mbili kwenye kioo. Hatukuweza kuongea. Nikipunguza anapunguza, nikikata kona zinapotea kidogo, kisha zinatokea. Kiti changu cha pembeni kilikuwa kitupu, nilikiwekea kofia.

Kwenye njia panda ya Saint-Omer akakata kulia kwenda kwake, mimi kushoto. Hakupiga honi. Alishusha kioo akasema neno moja, "Alhamisi," akapandisha, akaondoka.

Nyumba ilikuwa baridi. Sikuvua koti. Nilikwenda ghalani na tochi, nikalitoa bango la Bernadette. Lilikuwa la uchaguzi wa zamani, jina la mtu ambaye sasa hakumbukwi hata na chama chake. Nguzo niliiinua bila shida. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, kwa hiyo nikalipigilia kwenye theluji tu, upande wa kulia wa njia, likiangalia shambani. Lilisimama kwa upande, linaegemea. Uchaguzi ulikuwa umekwisha kwa kila namna unavyoweza kwisha, na mimi nilikuwa uani nikiweka bango.

Ng'ambo ya viazi taa ya jikoni iliwaka. Ilikaa hivyo kwa muda mrefu, mrefu kuliko mtu anavyohitaji kunywa maji. Kisha ikazimika.

Nikaingia ndani, nikawasha jiko, nikapangusa vumbi kwenye ubao wa kribeji. Vijiti sikuvigusa. Yeye bado alikuwa mbele.